Kuku wa Kufungua Macho

Vital alipitisha mguu wa kwanza dirishani, akapitisha wa pili, kisha akakwama kiunoni. Miguu yake ilikuwa nje, kwenye baridi ya asubuhi ya mtaa wa Bigo. Kichwa na mikono vilikuwa bado ndani, juu ya kitanda. Solange, aliyekuwa amelala na mtoto kifuani, aliziba mdomo kwa kikwembe ili asicheke. Tangu alipopasuliwa kumzaa Orly, kicheko kilikuwa kinamuuma kuliko kilio.

"Nisukume," Vital alinong'ona.

"Nikusukume na nini? Docteur alisema nisibebe ata ndoo."

"Sukuma na muguu basi."

Solange aliweka unyayo juu ya bega la mume wake, akasukuma polepole, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa mno. Vital alitoka kwa kishindo, akaangukia masufuria yaliyokuwa yanakauka nje. Katika chumba cha mbele mtu alikohoa, kikohozi kidogo cha mtu aliyesikia yote na anayetaka ijulikane kwamba hakusikia lolote.

"Iko nini huko?" sauti ya mama yake Solange iliuliza nyuma ya pazia.

"Ni paka, mama."

"Paka mwenyewe iko muzito."

Vital hakuwa mwizi, wala hakuwa mlevi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa shati lililopigwa pasi. Shida ilikuwa nyumba yenyewe. Ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa katika chumba cha mbele, na katika chumba cha mbele, juu ya mkeka, alikuwa amelala mama Pétronille, mama mkwe wake. Kwa watu wa kwao, upande wa Mahagi, mwanaume hamwoni mama mkwe wake akiwa amelala. Hali chakula mbele yake, na yeye hali mbele ya mkwe. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Wakiwa na neno la kuambiana, wanatafuta mdomo wa tatu wa kulipeleka. Hiyo ndiyo heshima. Kule kijijini, penye nafasi kubwa na nyumba nyingi, heshima hiyo haimsumbui mtu. Katika nyumba ya kupanga ya Bigo, ilikuwa inamtoa mwalimu dirishani.

Mama Pétronille mwenyewe hakuwa amepanga kulala pale. Alikuwa Ariwara, karibu na mpaka, sokoni kwa maharagwe yake, aliposikia kwamba binti yake amepasuliwa. Alipanda gari la kwanza. Alikuwa amepanga kulala kwa ndugu yake Françoise, ng'ambo ya mji, na kuja mchana tu kumwogesha mtoto. Lakini juma lile lile, kwa sababu ya corona, serikali ilifunga shule, ikafunga makanisa, magari ya Mahagi yakasimama, na redio ikaanza kusema habari za mpaka. Françoise alimpokea langoni kwa ndoo ya maji yenye dawa. Alimwosha mikono, akamwosha miguu, akaosha na mzigo. Alimpa kiti nje, akasimama mbali.

"Dada, weye unatoka mpakani," alimwambia. "Miye niko na tension ya damu. Ukiniletea hii ugonjwa, nitakufa mbele ya siku yangu."

Alimpa chai katika kikopo cha plastiki. Mama Pétronille alipomaliza kunywa, Françoise alikichukua kile kikopo kwa kijiti, akakitupa shimoni mbele ya macho yake. Mama alipenda kuisimulia habari hiyo akicheka. Ila kila alipofika kwenye kikopo alitafuta kazi ya kufanya.

* * *

Kila asubuhi, Vital akishaondoka, nyumba ilipumua. Mama Pétronille alikunja mkeka, akafagia, akawasha makaa, akamwogesha Orly kwa maji ya moto huku akimkanda na kumsifu kwa lugha ya kwao. Alimkanda na Solange tumbo la juu, mbali na kidonda. Alitwanga sombe, majani ya muhogo. Alifanya kila kitu kwa haraka, kana kwamba nyumba ni ya kuazima na mwenyewe yuko njiani kurudi. Na chakula chake alikula nyuma ya nyumba, ameupa ukuta uso, akimeza bila kutafuna vizuri.

"Mama, kaa hapa ndani, ukule na raha," Solange alimwambia. "Hawezi kurudi sasa."

"Na akirudi? Akute kinywa yangu imejaa? Nitaweka uso wapi?"

Vital naye alijua hivyo, ndiyo maana alishinda nje. Mlinzi wa shule alimfungulia darasa lake, akakaa mule peke yake mbele ya mabenchi matupu. Wakati mwingine aliandika tarehe ubaoni, akaifuta. Shule yao ilikuwa ya mtu binafsi. Wazazi hawakulipa kwa kuwa watoto hawakusoma, na walimu hawakupewa kitu kwa kuwa wazazi hawakulipa. Kila jioni alirudi, akakohoa kwanza barabarani, akakohoa tena langoni, na mama Pétronille akakimbilia kwenye jiko la nje. Hapo ndipo maongezi yao yalianza, na mdomo wa tatu ulikuwa Orly, ambaye alikuwa hajakaza hata shingo, sembuse kumwita bibi yake koko.

"Orly," mama Pétronille alisema toka jikoni, "uambie baba yako kama chumvi imeisha."

"Orly," Vital alijibu toka uani, akitazama mawingu, "uambie koko yako kama nitaleta kesho. Na umushukuru kwa sombe. Ilikuwa tamu."

"Orly, umujibu kama ile sombe ilikosa mafuta. Asidanganye mutu mukubwa."

Solange aliwasikiliza akiwa kitandani, na Orly kifuani pake analala fofofo. Moyo wake ulijaa. Aliwapenda wote wawili mpaka akaona uchungu. Aliona pia kwamba wote wawili walikuwa wanakonda.

Siku ile ya masufuria, mama Élise wa jirani hakungoja hata jua likolee. Alisimama kwenye ua wa majani uliotenga nyumba zao, kikombe mkononi, nyuma yake watoto wake wakigombania mpira.

"Mama Orly! Bwana yako anatokaka na dirisha siku hizi? Miye nikazani ni mwizi. Nilishachukua mupanga!"

"Alikuwa anaenda kazi," Solange alijibu toka ndani.

"Kazi gani, na masomo imefungwa? Mwanaume mwenye anatoroka na dirisha asubuhi, si anatoka kwa mwanamuke ya pembeni? Ao ni weye ndiye ya pembeni, na siye hatukujua?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Solange naye alicheka, akishika kidonda. Ila mchi wa mama Pétronille ulikuwa umesimama kinuni. Ulikaa hivyo kwa muda, ndipo ukaanza tena kutwanga, polepole.

"Ile paka," mama alisema alipoingia ndani, bila kumtazama binti yake. "Kumbe majirani banaiona pia."

* * *

Vital alirudi kabla ya mchana. Hakukohoa barabarani, wala langoni. Solange alisikia tu vyombo vikianguka jikoni, mama yake akikimbilia nyuma ya nyumba, halafu uso wa mume wake ukatokea dirishani. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Umefanya nini? Ulianguka na pikipiki?"

"Bapolisi," alisema. "Pale rond-point, barabara zenye zinakutana. Sikukuwa na cache-nez."

"Na cache-nez yako iko wapi?"

Vital alionyesha pazia kwa kidevu. Maski yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, juu kabisa ya mahali palipotandikwa mkeka wa mama mkwe. Asubuhi ile, ili aichukue, angepaswa kuvuka miguu ya mama yake Solange akiwa amelala. Aliona afadhali aende uso wazi.

"Balikupiga?"

"Hapana. Balitupatia fagio." Alijaribu kutabasamu. "Bote wenye hawana cache-nez, bafagie barabara mpaka kwenye daraja. Miye nikawaambia niko mwalimu. Mukubwa yao akasema, vizuri, basi mwalimu afundishe wengine kufagia. Batu banacheka. Nikafagia."

"Pole, baba Orly."

"Ile haina shida. Kufagia ni kazi." Alishusha sauti. "Lakini mama mumoja akapita, mama ya mwanafunzi yangu, ule mutoto wa mbele darasani. Akaniona. Halafu akageuza kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye sakoshi yake ya mukono. Angenicheka tu, Solange. Ingekuwa vizuri anicheke."

Solange alinyosha mkono, akampangusa vumbi kwenye nyusi. Nyuma ya nyumba mama Pétronille alikuwa ameegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa udongo, na maneno yalipita humo kama maji.

Vital aliondoka dirishani, na baada ya kitambo kidogo mama Pétronille aliingia. Alichukua kikwembe chake cha kubadili, akachukua sabuni, akachukua ile Biblia yake isiyo na jalada, akaanza kufunga mzigo.

"Mama, unafanya nini?"

"Niko naenda kwangu."

"Na gari gani? Hakuna gari!"

"Niko na miguu. Mama yangu alitembea, na mama yake alitembea."

"Mpaka Mahagi? Mama, kuko barrière, njia imefungwa. Kuko batu ya bunduki njiani. Na usiku utalala wapi?"

"Nitalala mahali sifukuzi mutu." Alikaza fundo kwa meno. Alipoinua uso, Solange aliona kwamba mama yake, aliyebeba magunia Ariwara na kugombana na wanunuzi wa kila lugha, alikuwa analia. "Mwalimu ya batoto ya batu anafagia barabara, juu miye nilinyosha miguu mbele ya cache-nez yake. Mwanaume anatoka kwake kama mwizi, anarudi kwake kama mwizi. Ni miye ndiye ugonjwa, Solange. Françoise alisema kweli."

Aliweka mzigo kichwani, akatoka. Solange aliteremka kitandani, mkono mmoja kwenye kidonda, mwingine ukimshika Orly aliyeamka akilia. Kila hatua ilimvuta nyuzi tumboni. Alijua bila kufikiri sana kwamba mama akipita lile lango, atakwenda kweli. Hakuwa mtu wa kutishia. Atakwenda mpaka barrière ya kwanza, na baada ya hapo hakuna atakayewaletea habari yake.

Lakini langoni palikuwa pamezibwa. Vital alikuwa amesimama pale akiwa amewapa mgongo, miguu ameitanua, mikono imeshika miti ya lango huku na huku. Hakuweza kumtazama mama mkwe, wala kumshika mkono, wala kumsihi usoni. Aliweza kusimama tu. Na mama Pétronille hakuweza kupita bila kumgusa.

Alijaribu kushoto. Vital alisikia nyayo, akaegemea kushoto. Alijaribu kuume. Vital akaegemea kuume.

"Orly!" mama Pétronille alisema kwa hasira, amekazia macho mgongo wa shati. "Uambie baba yako atoke njiani!"

"Orly," Vital aliwaambia watu wa barabarani, "uambie koko yako kama sitoki. Akitaka kupita, anisukume."

"Anajua siwezi kumusukuma!"

"Ndiyo. Najua," Vital alisema, na kwa mara ya kwanza alisahau kupitia kwa Orly.

Wapita njia walianza kusimama, mbali mbali kama redio ilivyoagiza. Mama Élise alikuwa ameshafika kwenye majani yake. Solange alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamtazama mama yake mwenye mzigo na mume wake mwenye mgongo. Ndipo akakumbuka.

"Mama," alisema. "Si kwetu kuko kuku ya kufungua macho?"

* * *

Kuku huyo alikuwepo kweli. Kwa desturi yao, mkwe akishazaa mtoto, wazee wa upande wake wanaweza kumletea mama mkwe mbuzi, au kuku kama ni watu wa hali ya chini, na baba mkubwa wa msichana anasema neno. Akishasema, macho ya wote wawili yamefunguliwa. Wanaweza kutazamana, kuongea, na kula pamoja. Lakini ni lazima wazee wawepo, na ni lazima neno litoke kwa ndugu wa baba. Baba yake Solange alikuwa marehemu, na kaka yake, baba mkubwa Médard, alikuwa Mahagi, nyuma ya barrière zote.

"Kuna simu," Solange alisema.

"Desturi haipitake na simu," mama Pétronille alijibu. Lakini mzigo aliushusha, akauweka chini langoni.

"Na kuku itatoka wapi?" Vital aliiuliza barabara.

"Kuku?" mama Élise alidakia juu ya majani. "Mwalimu, chukua! Ila kesho asubuhi hii batoto yangu iko kwako na cahier na kalamu, na usinirudishie mbele ya jua kushuka. Watanimaliza! Corona itanikuta nimeshakufa."

Alileta jike moja jekundu, limezeeka, lisilotaga tena, akalifunga miguu kwa kamba ya kitambaa. Hakuna aliyesema neno juu ya umri wake. Vital alikaa chini uani, uso kwa barabara. Mama Pétronille alikaa nyuma yake, uso kwa nyumba, mgongo kwa mgongo, na nafasi ya mtu mmoja kati yao. Katika nafasi ile waliweka kuku, na kando yake beseni lililopinduliwa, na juu ya beseni simu ya Solange, sauti imefunguliwa.

"Allô! Allô! Ni nani?" Baba mkubwa Médard alipiga kelele kana kwamba anawaita toka ng'ambo ya mto.

"Ni Solange, baba."

"Solange! Mutoto iko muzima? Na kidonda? Na mama yako? Na mukwe, bokilo yetu? Huko mvua inanyesha?"

"Baba, crédit ya simu ni kidogo," Solange alisema, akaeleza yote kwa pumzi moja: dirisha, fagio, mzigo, kuku.

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa.

"Kuku?" Médard alisema mwishowe. "Si mbuzi?"

"Mbuzi itatoka wapi, baba? Soko ya nyama imefungwa."

"Na bazee ya upande yake? Ni nani anabeba kuku?"

"Bamefungiwa kwao, baba. Ni siye tu."

"Kuku na simu," mzee alisema. "Eh! Hii corona itatuonyesha mambo. Bazee wakinisikia, batasema Médard amezeeka vibaya." Alipumua kwa muda mrefu, na Solange akaitazama simu, crédit inakwisha. "Iko rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

"Nyekundu. Basi sikieni. Munyamaze wote. Ata huyo kuku." Sauti yake ilibadilika, ikawa nzito, sauti ya vikao. "Miye Médard, kaka ya marehemu, niko nasema mbele ya kuku hii, ao mbele ya simu hii, sijui tena. Huyu bokilo alituheshimu. Na huyu mama alimuheshimu. Juu ya ile, miye nasema, kuanzia leo—"

Simu ilikatika.

Solange alipiga tena. Sauti ya mwanamke ilimwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba crédit imekwisha. Hakuna aliyesogea. Kuanzia leo watazamane, au kuanzia leo wangoje mbuzi? Baba mkubwa alikuwa mtu wa yote mawili. Kuku alifumba jicho moja. Langoni mzigo ulikuwa bado pale, fundo lake limesimama.

"Alisema," mama Pétronille alisema.

"Alisema nini, mama?"

"Alisema huyu ni mutoto wangu. Kuanzia leo ni mutoto wangu. Miye nilisikia."

"Mama, simu ilikatika mbele amalize..."

"Weye ulikuwa unanyonyesha. Siye wenye tulikuwa tunasikiliza, tulisikia." Aliukazia macho ukuta wa nyumba. "Si ni vile, Orly?"

Orly alikuwa amelala, maziwa yamemganda shavuni. Solange aliona mabega ya mume wake yakipanda na kushuka.

"Orly," Vital alianza, "uambie koko yako kama..."

"Usimutume mutoto. Sema mwenyewe."

Vital alikaza macho barabarani. "Nilisikia, mama."

Basi mama Pétronille aligeuka. Aligeuka polepole, kwa matako, kama anavyogeuka mtu anayeogopa kuamsha kitu. Vital naye aligeuka. Siku aliyokuja na wazee wake kumwomba Solange, mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa ameona mgongo wa mwenzake, kivuli, na nguo kwenye kamba. Sasa mama Pétronille alimtazama mkwe wake usoni, akamtazama kirefu, kama anavyotazama maharagwe ya mtu mwingine sokoni kabla ya kusema bei. Alitazama masikio, akatazama shingo, akatazama lile vumbi lililobaki kwenye nyusi. Vital aliyavumilia macho yale akiwa ameweka mikono magotini kama mwanafunzi.

"Kumbe uko mwembamba hivi!" mama Pétronille alisema. Halafu akapaza sauti mpaka mama Élise akaruka. "Solange! Unamupikiaka nini huyu mutoto?"

Aliinuka, akaleta bugali, akaleta sombe, safari hii ikiwa na mafuta, akaweka sahani moja chini katikati yao. Kuku alisogezwa kando. Vital aliitazama sahani, asijue mkono utaanzia wapi.

Hapo simu ikalia juu ya beseni. Jina la baba mkubwa Médard liliwaka pale. Alikuwa ametafuta crédit yake mwenyewe ili amalizie neno.

Solange alimtazama mama yake. Vital aliitazama simu. Mama Pétronille aliinua beseni, akaweka simu chini, akaifunika kwa beseni lile. Ikaendelea kulia humo ndani, ndogo, kama mdudu katika chupa. Alinawa mikono, akakata tonge, akalichovya katika sombe, akalitia kinywani mbele ya mkwe wake, akatafuna polepole, kinywa kimejaa, bila kugeuza uso.

"Kula, mutoto wangu," alisema. "Inapoa."